Mke Mwenza wa Kwenye Simu

Mama Marinda hakuwa mwanamke wa wivu, na mtu asikudanganye. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kunusa kola ya mumewe wala kupekua mfuko wa suruali yake, ingawa mifuko yote ya suruali hizo alikuwa ameishona yeye. Wanawake waliokuja dukani kwake kupimisha watoto sare, wakaishia kulia kwamba bwana siku hizi amebadilika, aliwapa kiti, akawapa maji ya kunywa, na moyoni akawaona wajinga. Basi zamu yake ikafika. Na ilimfika vibaya, maana hata mtu wa kugombana naye hakuwepo. Mumewe hakwenda kwa mwanamke. Alikwenda kwenye simu.

Jina la Mama Marinda alipewa na mtaa, kwa sababu ya sketi zake. Marinda yake ukiyapiga pasi mara moja mwanzo wa muhula, yanasimama hadi likizo. Duka lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na ndani yake cherehani mbili, meza ya kukatia yenye makovu ya mkasi, na ukutani sare za shule saba, kila moja na rangi yake. Ukitaka kumkasirisha, mwambie akate pindo. Sketi ya mtoto aliiachia pindo la vidole vitatu kwa ndani, suruali vilevile, na mzazi aliyetaka kitambaa kinachozidi kiondolewe alijibiwa palepale: "Nakunja, sikati. Mtoto huyu anakua. Mwakani ukija tunafungua. Nikikata leo, mwakani utaunga na nini?" Maneno hayo aliwaambia wateja, aliwaambia binti zake mapacha kabla hawajaolewa, na alimwambia mumewe kila alipoleta suruali, mpaka mumewe akawa hayasikii tena, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga.

Mumewe ndiye Karani. Miaka ishirini na tatu alikaa kwenye kibanda cha mizani cha kiwanda cha unga. Malori yanapanda juu ya mizani yakiwa matupu, yanarudi yamejaa, naye anasoma uzito, anaandika, anagonga muhuri. "Karani, umeamkaje?" "Karani, leo usinibane." Hakuna dereva aliyepita bila kumwita, kwa sababu hakuna aliyepita bila muhuri wake. Kisha kiwanda kikaleta mizani mpya inayojisoma yenyewe. Dereva anapanda, karatasi inatoka ukutani, anakwenda zake. Karani akapewa barua, akapewa mkono, akapigwa picha ya pamoja. Alikuwa na miaka hamsini na minne, macho mazima, kichwa kizima, na hana pa kwenda saa moja asubuhi.

Mwaka wa kwanza alikaa kimya. Mama Marinda akitoka anamwacha kitini sebuleni, akirudi anamkuta kitini sebuleni, na kati ya hapo kilichosogea ni jua tu. Mwaka wa pili akalipata Baraza la Nguzo.

Lilikuwa baraza la mtandaoni, watu mia nne na ushee ambao wengi hawakuwahi kuonana, wanaokutana humo simuni kujadili mambo ya nchi. Walikuwa watu wa kushikilia ya zamani. Mtoto aamkie wakubwa, mtu ale kwa jasho lake, familia itangulie serikali, na kitu kilichofanya kazi miaka hamsini kisivunjwe na mtu aliyeingia ofisini juzi. Sasa mfikirie Karani, mtu aliyevunjwa na mashine ya juzi, anasoma maneno hayo. Aliona wanamwandikia yeye. Zamani siasa ilikuwa kitu cha madereva kubishania wakiwa foleni, yeye anagonga muhuri tu. Sasa akawa na msimamo. Akatafuta daftari, akawa anapanga hoja kwa kalamu kabla ya kuziandika simuni. Alijiita Mizani, na haikupita miezi mitatu Mizani akawa mtu wa kuulizwa. "Tumsubiri Mizani atupimie hili," waliandika, naye anatabasamu peke yake kitini.

Mtu mwenye roho nzuri angefurahi kuona mumewe amefufuka. Mama Marinda naye alifurahi, siku nne hivi. Siku ya tano, wakiwa mezani, alikuwa anamsimulia kisa cha mteja aliyekuja kupimisha mtoto mmoja akaondoka na mwingine, kisa cha kuchekesha kweli, akasikia Karani anacheka kabla hajafika mwisho. Alikuwa anacheka ya simuni.

"Nani huyo anakuchekesha hivyo, baba?" akauliza.

"Watu wangu tu," Karani akasema, macho hayajainuka.

Watu wangu. Neno hilo alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo dukani. Kumbe mtu anaweza kukaa na wewe miaka ishirini na sita na bado akawa na watu wake pembeni.

Duka la jirani lilikuwa la mwanamke muuza vifungo, zipu na nyuzi. Mtaa ulimwita Vifungo, ingawa mdomo wake haukuwa na hata kimoja. Siku hiyo alikuja kuomba maji, akasimama akimtazama mwenzake anavyokanyaga cherehani kwa hasira.

"Shoga yangu," akasema, "wewe una mke mwenza. Tena wa aina mbaya kabisa, hana hata nywele za kuvuta."

"Sina mke mwenza. Ni baraza la wazee wanaojadili siasa."

"Sawa. Na hilo shati nalo unalijadili? Umeweka mkono wa kushoto kwenye bega la kulia."

Mama Marinda akatazama. Kweli. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye ana miaka thelathini kwenye cherehani. Akachukua kisu kidogo cha kufumulia, akaanza kufumua kimyakimya, na Vifungo, ambaye hajawahi kumwona rafiki yake amenyamaza, akapata huruma.

"Ingia uone," akasema. "Lete simu yako. Mwanamke hapigani na kitu asichokijua sura. Tuandike jina gani?"

Mama Marinda akatazama sketi iliyokuwa mapajani.

"Andika Pindo."

Aliyasoma ya mumewe kuanzia mwanzo, siku tatu, kati ya rinda na rinda. Mwanzoni, lazima niseme ukweli, aliona fahari. Karani aliandika vizuri. Mtu ambaye nyumbani anajibu kwa mguno, kule alipanga hoja zikapangika, akamnyamazisha mbishi bila kumtukana, akamfariji dereva wa lori aliyefiwa na mama yake kwa maneno ambayo Mama Marinda alipofiwa na wake hakuyapata. Hapo akasimama kidogo. Akaendelea kusoma. Na kurasa chache mbele akamkuta mwanamke.

Alikuwa mke wa Mizani. Mke wa Mizani hafanyi kazi nje. Mke wa Mizani, mumewe akirudi kutoka kiwandani saa kumi na moja, humngoja mlangoni, amepumzika, nywele amezichana. Mke wa Mizani hajawahi kuinua sauti tangu aolewe. "Malkia wangu," Karani aliandika, "ndiye sababu ya kila ninachokiamini kuhusu nyumba." Chini yake mioyo myekundu ilipangana mpaka mwisho wa kioo. Mwanamume mmoja akaandika, "Ndugu Mizani, mshukuru Mungu, hao hawatengenezwi tena." Wake za watu wakamtumia mama salamu.

Mama Marinda akaweka simu juu ya meza ya kukatia. Alikuwa na chaki nyuma ya sikio, vipande vya uzi wa buluu kwenye nywele ambazo hazikuona kitana tangu juzi, na sauti yake, kwa kushindana na cherehani, ilikuwa inafika ng'ambo ya barabara. Malkia. Nyumbani aliitwa mama, tena likifuatiwa na chumvi iko wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na yeye ndiye aliyeishona hiyo nguo.

Hakulia. Aliona wivu. Angekuwa mwanamke wa nyama na damu angemtafutia kasoro, na angeipata, nani asiye nayo. Lakini huyu hachoki, hanuki jasho, miguu haimvimbi kwa kukanyaga cherehani kutwa. Hazeeki hata. Mama Marinda aliona na uongo wa pili, kwamba Mizani bado anakwenda kiwandani kila siku, na alijua ule wa kwanza umezaliwa na huu. Siku nyingine angemhurumia. Siku hiyo huruma ilipanga foleni nyuma ya wivu, na foleni ilikuwa ndefu.

Wiki hiyohiyo pakazuka jambo la sare. Wakubwa fulani walikuwa wamependekeza wanafunzi waache kuvaa sare, kila mtoto aende shule na nguo aipendayo, ajisikie huru. Baraza likachemka. Wengi waliandika nidhamu, nidhamu, nidhamu, basi. Mizani akaandika kurasa mbili kuhusu heshima ya taifa. Mama Marinda alisoma yote akiwa na futi shingoni, akaona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpima mtoto kiuno. Vidole vikaanza vyenyewe.

"Mimi ni mtu wa nguo," akaandika. "Mtoto akija kupimwa, kabla sijamgusa najua kwao kukoje, kwa nguo aliyokuja nayo. Nikimvika sare sijui tena. Mwalimu hajui, na mwenzake wa dawati hajui. Mnataka kumvua kitu pekee kinachomfunika, halafu mseme mmempa uhuru. Na jingine. Nguo ya mtoto huwa naiachia pindo la vidole vitatu. Nakunja, sikati. Anayetaka kubadilisha nchi naye akunje kwanza, aone. Kilichokatwa hakiungiki."

Akatuma, akarudi kwenye marinda. Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Kufika adhuhuri ilikuwa inajisogeza yenyewe mezani. "Ndugu Pindo, ulikuwa wapi siku zote?" "Nimemsomea mke wangu." Mwalimu mstaafu mmoja akaandika kwamba katika miaka arobaini ya ualimu hakuwahi kulisikia likisemwa hivyo. Wote walimwita ndugu, wote walimfanya mwanamume mwenye duka kubwa la vitambaa, na hakuna aliyeuliza. Yeye naye hakusahihisha. Alisoma sifa zile mara ya pili, mara ya tatu, pasi ikiwa imetua juu ya sketi, mpaka aliponusa. Rinda moja lilikuwa limeungua, alama ya pasi nzima. Ndipo alipojua mumewe amepata nini kule, na kujua hakukumpunguzia wivu hata kidogo. Ulizidi, maana sasa alijua utamu wake.

Jioni ile Karani alimngoja. Mlangoni, fikiria. Simu mkononi.

"Mama, kaa nikusomee kitu. Amejiunga mtu huko, sijui ni nani, lakini ana kichwa. Sikiliza." Akamsomea yote, taratibu, kwa sauti yake ya zamani ya kusoma uzito wa lori. Alipofika kwenye pindo la vidole vitatu akatikisa kichwa. "Umesikia? Nakunja, sikati. Mwanamume huyu ameona mbali."

Mama Marinda alikuwa bado na viatu mguuni. "Mbona hayo nimekuambia mimi, baba? Mwaka wa ngapi huu?"

"Wewe ulikuwa unasema mambo ya nguo," Karani akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Huyu anasema mambo ya nchi."

Angeweza kumwambia pale. Vifungo alipohadithiwa kesho yake alipiga paja, akamwita mjinga, akasema yeye angemtupia simu usoni. Lakini Mama Marinda alikuwa amefika mahali pabaya kwa mwanamke mwenye akili zake. Alikuwa na wivu na mke wa Mizani kwa sababu anapendwa, na sasa alikuwa na wivu na Pindo kwa sababu anasikilizwa, na wote wawili walikuwa yeye. Kati yao, aliyebaki na viatu mguuni mlangoni ndiye peke yake asiyekuwa na mtu. Akataka jambo moja tu. Mumewe amtambue mwenyewe, bila kuambiwa. Akaamua kungoja.

Akangoja wiki tano. Pindo aliandika kuhusu ufundi unaopotea, kuhusu vijana kufundishwa kazi za mikono, kuhusu majirani wanaojengeana ukuta kabla ya kujuana majina. Hakuwa anaigiza tena. Mambo hayo aliyaamini, alikuwa akiyaamini miaka yote akishona, ila hakuwahi kuulizwa. Watu wakaanza kuandika, "Tumsubiri Pindo." Karani akayaona, na tabasamu lake la kitini likapungua kidogo.

Kisha Msimamizi wa baraza, mwenye kuliongoza, akatangaza kwamba wanachama wataonana ana kwa ana. Ukumbi wa shule, Jumamosi saa nne asubuhi, kila mtu aje na mwenzi wake. Pindo akaandikiwa pembeni: tunaomba uzungumze dakika kumi. Na Mama Marinda akasoma, mbele ya watu mia nne, jibu la mumewe. "Mke wangu anauguza mguu, hataweza kufika. Anawasalimu sana."

Siku hiyohiyo jioni Karani alileta koti lake, lile la harusi ya mapacha.

"Limenipwaya, mama. Unaweza kulibana? Jumamosi nina mkutano na watu wangu. Wanaume watupu. Ungechoka bure."

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono ameinyoosha, mkewe nyuma yake na pini tano mdomoni. Hizo pini ndizo zilizomwokoa Karani siku hiyo. Alikuwa amekonda, jamani. Miaka miwili ya kukaa kitini ilikuwa imemla mabega. Akabana vidole viwili kila upande, kitambaa kilichozidi akakiacha humohumo ndani.

"Na huyo Pindo atakuwepo," Karani akakiambia kioo. "Nataka nimwone kwa macho yangu."

Alilishona koti lile kwa mkono vizuri kuliko la bwana harusi, na kila mshono ulimchoma. Jaribu wewe kumvalisha mumeo akaende kumsifia mwenzako.

Jumamosi alimwacha atangulie. Akachana nywele, hilo nalo alilifanya kwa hasira, akavaa gauni lake la kijivu, akafunga duka. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na meza, na mke wa Msimamizi, mama mnene mwenye uso wa furaha, alikuwa anaandika majina kwenye vikaratasi na kuwabandika watu kifuani kwa pini.

"Karibu, mama. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe. Andika Pindo."

Yule mama akaweka kalamu chini. Akamtazama kuanzia juu hadi viatuni, kisha akacheka mpaka meza ikatikisika, akamkumbatia. "Msimamizi," akaita ndani, "njoo umwone ndugu Pindo wako."

Habari ikazunguka ukumbi kabla hajaketi. Watu wakaja kumshika mkono. Walikuwa watu wa kawaida tu, na hilo lilimshangaza, maana kwa wivu wake alikuwa amewatengenezea sura mbaya. Dereva wa lori alikuwa na aibu. Mwalimu mstaafu alikuwa na kikohozi. Msimamizi akamshika kiwiko, akamwongoza hadi safu ya mbele. "Lazima uonane na Mizani," akasema. "Ungedhani mnajuana nyinyi, mnaandika kama mliokulia nyumba moja."

Karani aligeuka. Kikaratasi kilichoandikwa Mizani kilikuwa kimebandikwa vibaya, pini imevuta kitambaa, ukosi umekaa upande. Alimwona mkewe. Akaona jina lililokuwa kifuani mwake. Uso wake ukafunguka, ukafungwa.

"Mnafahamiana?" Msimamizi akauliza.

Watu kama kumi walikuwa wamesimama hapo, na wote walikuwa wameuliza habari ya mguu wa mama. Karani akafungua mdomo. Mama Marinda alimngoja. Wiki tano zote zilikuwa za kungoja hapo.

"Ndiyo," Karani akasema. "Huyu ni fundi. Ndiye aliyenishonea koti hili."

Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo maana liliuma vile.

Mama Marinda akamsogelea. Karani akarudi nyuma nusu hatua, akidhani atapigwa, na pengine alistahili. Lakini alichofanya ni kuchomoa ile pini, akanyoosha ukosi, akaichomeka upya, sawasawa, kama anavyomfanyia mteja yeyote.

"Mteja wangu wa siku nyingi," akasema. "Vipimo vyake nimevishika kwa kichwa."

Watu wakacheka. Mke wa Msimamizi akafurahi. "Basi mama yetu utakuwa unamjua. Mguu wake unaendeleaje?"

"Mguu wake mzima, dada," Mama Marinda akasema. "Kinachomuuma kiko juu zaidi."

"Pole yake," yule mama akasema, akashika kifua.

Mama Marinda alizungumza dakika zake kumi. Alizungumza vizuri, walisimama kumpigia makofi, na Karani alipiga makofi nao akitazama viatu vyake. Kisha mkewe akaaga, akasema kazi inamngoja, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakwenda dukani. Alikaa kitini sebuleni, kile cha Karani, akatazama ukuta ambao Karani ameutazama miaka miwili. Haukuwa na kitu.

Alasiri akasikia hatua za mumewe barazani. Hakuingia. Alikaa kwenye kizingiti, na kwa dirisha Mama Marinda aliona mgongo wa koti na kichwa kimeinama. Muda ukapita. Kisha simu ya Mama Marinda ikatetemeka. Mizani ameandika.

"Ndugu zangu, Mizani amewasomea uzito wa uongo. Sifanyi kazi kiwandani, kiwanda kiliniacha miaka miwili sasa. Mke wangu hana mguu mbovu. Fundi mliyemsikia leo, Pindo, ndiye mke wangu. Chakula ninachokula na bando ninalowaandikia vinatoka kwenye cherehani yake. Yule niliyekuwa nikiwasimulia nilimtunga. Leo nimemkana mke wangu mbele yenu, naye akaninyoosha ukosi. Nakosa neno. Namwomba radhi."

Majibu yalishuka kama mchele gunia likipasuka. Mmoja aliandika mwongo atolewe, wakamnyamazisha. Wengine wote walimpa pole na hongera ya ujasiri. Mke wa Msimamizi akaandika, "Mwambie mama tunampenda." Mama Marinda alisoma machozi yakimlengalenga, alikuwa karibu kabisa kumsamehe, kisha akaona, kwenye majina ya waliosoma yaliyoorodheshwa chini ya ujumbe, kwamba kabla yake alikuwa amesoma dereva wa lori. Na mwalimu. Na watu thelathini na wawili wengine. Hata radhi yake alikuwa anaipokea akiwa wa thelathini na tano.

Akatoka nje, akasimama mbele ya mumewe.

"Umewaambia watu mia nne," akasema. "Mimi bado."

"Si umesoma, mama? Nimeona jina lako hapo chini."

"Aliyesoma ni Pindo. Mkeo amesimama hapa na hajaambiwa neno."

Karani akatazama simu, akamtazama yeye. "Kule maneno yananijia. Hapa sijui yanakwenda wapi."

"Kule ulijifunza. Jifunze na hapa."

Akakaa kwenye kizingiti kando yake, akaweka simu yake chini. Karani naye akaiweka yake. Ilimchukua muda, na alipoanza alisema vibaya, kwa kukatakata, akirudi nyuma kama lori linalotafuta katikati ya mizani.

"Asubuhi ukitoka," akasema, "mimi niko pale kitini. Nakusikia. Unaitwa barabara nzima. Mama Marinda, umeamkaje. Mama Marinda, sare zetu tayari? Mpaka ufike dukani umeitwa mara kumi. Mimi nilikuwa naitwa vile." Akatazama barabara. "Nilikuonea wivu, mke wangu. Ndiyo nikatunga mwanamke asiyeitwa na mtu."

Miezi yote hii Mama Marinda alikuwa amejiona yeye peke yake ndiye mwenye kidonda ndani ya nyumba ile. Simu zote mbili zikatetemeka kwa pamoja kwenye saruji, zikagongana. Karani akanyoosha mkono kidogo, akaurudisha.

"Rudia," Mama Marinda akasema.

"Nirudie nini?"

"Yote. Wao ya kwao wanaweza kuyasoma mara wanazotaka. Mimi nataka angalau mara mbili."

Karani akakohoa. Akaanza upya, kuanzia asubuhi, pale kitini.